Kigoda Chini ya Koti la Bluu

Lvov, Jumapili, 24 Oktoba 1937

Mama,

Nianze na habari njema: mwanao sasa ndiye mtu mwenye nguvu kuliko wote katika mji huu. Sisemi kwa kujisifu. Nasema kwa sababu ni kweli, na ukweli ukiuficha unaoza. Ijumaa nilibeba kabati la nguo la mke wa daktari mmoja kutoka chini hadi juu kabisa, peke yangu, na tulipolifungua tukakuta paka wao amelala ndani. Hakuwa ameamka. Hebu niambie ni mchukuzi gani mwingine anayebeba hivyo. Pale sokoni wameanza kuniita Samsoni. Wapo wasioniita hivyo, lakini hao wana wivu.

Sasa kuhusu dada Rukhla, maana baba alinituma huku nimwangalie yeye, siyo makabati. Nakuandikia nilivyoona, ingawa sielewi nilichoona.

Chuoni kwao wametoa amri. Wanafunzi wa Kiyahudi wakae mabenchi ya kushoto peke yao, na wamewapigia muhuri kwenye vitabu vyao vya uanafunzi ili mtu asije akasahau. Nikadhani basi, watakaa kushoto, benchi ni benchi. La. Wamekataa wote, wanasimama. Mhadhara unaanza, Wapolandi wanakaa, na watu wetu wamejipanga ukutani wamesimama hadi mwisho, daftari mkononi, wanaandika hewani. Nilimwambia Rukhla kwamba mimi nalipwa kwa kusimama, yeye analipa ada ili asimame, sasa kati yetu nani aliyesoma? Hakucheka. Aliniambia hivi: "Akikaa mmoja tu, watasema tumekubali sote."

Na asipoingia darasani, hapati sahihi za walimu, na mwaka wake wa mwisho wa ufamasia umekwenda na maji. Akikaa kulia, wale vijana wa Kipolandi wanaovaa utepe wa kijani, wanaotutaka tutoke chuoni, wanampiga. Kwa hiyo ni kusimama tu mpaka sikukuu zao za Desemba. Na unaijua nyonga yake, Mama, tangu alipoanguka kutoka darini tunapoweka nyasi kavu. Jioni anapanda ngazi kwa kukaa, kidato kwa kidato, kinyumenyume, na akinisikia anasema ameangusha kifungo.

Anayemsaidia ni yule anayelala naye chumba kimoja, Salka Reiss, binti wa mshonaji wa Stryj, mwembamba kama uzi wa baba yake. Darasani wanasimama mgongo kwa mgongo, huyu anamwegemea yule. Nilichungulia mlangoni nikawaona. Kama punda wawili kwenye mvua.

Mimi nimeshapata dawa. Nitumie kile kigoda kifupi cha baba, haraka, na usiulize cha nini.

Mwanao,
Shulim, nguzo ya ukoo


Bobrka, Jumatano, 27 Oktoba 1937

Shulim,

Mungu akusamehe, maana mimi bado. Barua yako ilifika nikiwa na mikono ya unga, nikampa jirani Frima anisomee. Alianza na mwisho, kama anavyofanya siku zote. "Nitumie kile kigoda kifupi, usiulize cha nini." Mtoto wewe, umelelewa nyumba gani? Kigoda kifupi kinaombwa na nani, kama si mtu anayekaa matanga? Kabla sijanawa mikono Frima alikuwa ameshafunika kioo kwa shuka yangu nzuri. Wake za wauza ngozi wakaja na mayai ya kuchemsha, chakula cha wafiwa. Baba yako alitoka zizini akakuta nyumba imejaa wanawake wanaolia, na yeye akalia, hajui anamlilia nani. Ndipo nikaichukua barua nikaisoma mwenyewe tangu juu, nikafika kwenye paka.

Mayai tumekula. Yalikuwa mengi.

Kigoda atawaletea mwenye mkokoteni wa maziwa, pamoja na jibini na mafuta ya bata bukini. Jibini ni ya Rukhla. Nimekutumia kile cha mguu mmoja cha kukamulia, chenye mkanda, maana kile kingine nakikalia mimi. Utakifanyia nini huko mjini sijui. Hakuna ng'ombe chuoni, ingawa kwa unayoniandikia huenda wapo.

Niambie kweli kuhusu nyonga. Yeye ananiandikia kwamba hali ya hewa ni nzuri.

Na punguza maneno huko sokoni. Mdomo huponza kichwa, na chako hatuna cha akiba.

Mama yako, Dobra


Lvov, Jumapili, 7 Novemba 1937

Mama,

Uketi kwanza. Umeketi? Vizuri, maana na binti yako ameketi, na hakuna Mpolandi hata mmoja anayejua.

Sikiliza akili ya mwanao aliyefukuzwa shule mara mbili. Kigoda cha kukamulia kinafungwa kiunoni, si ndiyo? Baba akiinuka kinainuka naye kama mkia. Mimi nikauongeza ule mguu kwa mpini wa ufagio, nikaupima mpaka ufike pale mtu anaposimama wima, ila siyo wima kabisa. Juu yake koti refu la bluu la Rukhla. Salka ameshona vitanzi ndani ya koti ili mkanda usivimbe, na chini ameongeza upindo ili mti usichungulie. Ukimwona utasema amesimama. Tena utasema amesimama kuliko wenzake, maana wenzake wanayumba na yeye hayumbi. Uzito wote uko kwenye mti, nyonga imepumzika kama bibi harusi.

Siku ya kwanza nilijipenyeza nikasimama mlangoni na gunia begani, kama naleta makaa. Profesa wao wa mimea ni mzee wa Kipolandi, ndevu hadi tumboni. Aliingia, akawaangalia walioko ukutani, akakisogeza kiti chake pembeni kwa mguu, akafundisha saa nzima amesimama na yeye. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Nimelifikiria jambo hilo nikashindwa. Aliyepewa kiti hataki, aliyenyimwa kiti hataki, na wale wanaokaa ndio wanaopiga kelele. Halafu wananiambia mimi ndiye sikusoma.

Umeuliza kama ni mimi niliyemlazimisha. Hata hukuuliza, lakini nakujua. Mwenyewe Rukhla ndiye aliyeniomba. Aliniomba karibu na machozi.

Hili ni siri, Mama. Anajua Rukhla, anajua Salka, najua mimi, na sasa wewe. Wale wenzao wa kamati inayoongoza huku kusimama wakisikia, watasema amevunja mgomo. Mimi nasema hakuvunja kitu, mti siyo benchi. Lakini wao wana vichwa vigumu, wamesoma.

Sasa Salka hana kazi ya kuegemewa tena. Anasimama peke yake karibu na dirisha, anatazama nje. Wivu wa kigoda, nadhani.

Mwanao,
Shulim, fundi mkuu wa Lvov na vitongoji vyake


Lvov, Alhamisi, 25 Novemba 1937

Mama mpendwa,

Nimekuwa nikikuandikia kuhusu hali ya hewa. Leo sitafanya hivyo.

Kile kigoda ulichoniagiza nikitumie, nilikitumia. Sikutaka. Mara tatu nilimrudishia Shulim, na mara ya tatu akaniambia umesema kwamba nisipokivaa utakuja mwenyewe Lvov ukae nami ukutani. Nilikuona kabisa umesimama pale na kikapu chako. Basi nikavaa. Na nikwambie kweli, Mama, ilikuwa raha. Kwa majuma yale niliandika kila neno la kila mhadhara, na wengine wakawa wanaazima daftari langu, wakisema Rukhla ana moyo wa chuma. Niliacha waseme.

Jumatatu, katikati ya mhadhara wa kemia, vijana wawili wa utepe waliinuka kutoka mabenchi ya kulia. Hawakumtazama mtu mwingine. Walipita mbele ya wote waliosimama pale, wakaja moja kwa moja nyuma yangu, na mmoja akapiga teke chini ya koti, mahali penyewe. Mpini ukavunjika. Nilianguka kwa ile nyonga. Mwalimu alidhani nimezimia akaomba maji. Wao wakanivua mkanda, wakakiinua kigoda cha baba juu, na ukumbi mzima ukapiga makofi. "Mmoja wao amekaa," wakawa wanaimba. "Mmoja wao amekaa."

Sijui ni kipi kilikuwa kibaya zaidi, wao kucheka au wetu kutocheka. Kamati waliniita jioni. Walikuwa wapole sana. Mmoja aliniuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza njia, kama nilikuwa nimekaa siku zote. Nikasema ndiyo. Wengine wananisalimu, wengine hawanisalimu, na wengine wananisalimu kisha wanakumbuka.

Walijua, Mama. Walijua koti gani na mti uko wapi. Na waliokuwa wanajua huku Lvov ni sisi watatu. Shulim aliniapia kwa uhai wako. Nilibaki na nani? Nilimwambia Salka kwamba ni yeye. Nilimwambia kwamba alikuwa na uchungu tangu nilipoacha kumwegemea, na hilo nadhani lilikuwa kweli. Alikunja mto wake, akafunga sanduku, akarudi kwao Stryj. Sahihi za walimu hana bado, na asiporudi kabla ya muhula kwisha, mwaka wake umepotea pamoja na wangu.

Usiku ule nilikosa usingizi nikijiuliza: kama ni yeye, mbona alilia kabla sijamaliza kusema?

Mguu wa mti umekatika palepale Shulim alipouunga, kwa hiyo kigoda kimekuwa kifupi tena kama cha zamani. Jioni nakikalia. Hakuna aliyekufa. Lakini nakikalia.

Kesho nitaingia darasani. Nitasimama. Sina wa kumwegemea na sina mti, sijui nitafika wapi.

Binti yako, Rukhla


Bobrka, Jumapili, 28 Novemba 1937

Shulim,

Nimeziweka barua zenu mbili mezani, moja huku, moja huku, na mimi katikati kama hakimu asiye na akili. Wewe umeandika kwamba yeye alikuomba. Yeye ameandika kwamba mimi nilimwagiza. Mimi sikumwagiza mtu kitu. Nilituma kigoda kwa sababu mwanangu alikiomba, na nusura nizike mtu kwa ajili yake. Kwa hiyo mmoja wenu ni mwongo, na Rukhla hajawahi kusema uongo, isipokuwa kuhusu hali ya hewa.

Hilo tutalimaliza ana kwa ana, kwa ufagio uliobaki.

Sasa nijibu lingine. Nani alisema? Nimekosa usingizi juu ya hili. Barua yako ya pili niliisoma mwenyewe, lakini Frima aliniona nacheka, akaniganda, nami nikamwambia. Nilimwambia Frima, Shulim. Frima ana mpwa wake anayeuza kofia Lvov. Je, ni mimi? Baba yako anasema haiwezekani, habari haiendi kwa mpwa wa kofia ikafika kwa wale wa utepe kwa siku chache hivyo. Lakini baba yako pia alilia siku ile bila kujua anamlilia nani, siwezi kumtegemea.

Kama ni mimi, nitakwenda Stryj kwa miguu nikamwombe radhi yule binti wa mshonaji. Niambie tu. Leo jioni tunawasha mshumaa wa kwanza wa sikukuu ya Hanuka na sijui niombe nini.

Mama yako


Lvov, Alhamisi, 2 Desemba 1937

Mama,

Huku mambo yamevurugika kiasi kwamba hata mtu mwenye akili kama yangu anahitaji kukaa chini.

Kuhusu nani alimwomba nani na nani alimwagiza nani, hayo ni maneno madogo. Nilitaka avae. Ningekuambia nimemlazimisha, ungenizuia. Ningemwambia ni wazo langu, angenicheka. Kwa hiyo kila mmoja nilimpa sababu ya saizi yake. Mshonaji hufanya hivyohivyo na hapigwi na ufagio.

Kuhusu nani alisema, sijui. Hakuna anayejua. Kuta za mji huu ni nyembamba. Huenda ni mfagiaji wa chuo aliyeona alama ya mti sakafuni. Huenda kweli ni huyo mpwa wa kofia, nimemwona, ana macho ya mtu anayesikia. Usilie lakini.

Salka nilimbebea sanduku mwenyewe mpaka stesheni, wala sikutaka malipo. Hakuniangalia. Alisema tu nimwangalie Rukhla kwenye ngazi za chuo, zina barafu. Nilimwambia asijali, Samsoni yupo.

Rukhla anaendelea kusimama. Jana nilipeleka makaa nikamwona. Anashika ukuta kwa viganja viwili nyuma yake, na haandiki tena, maana mikono iko ukutani. Wenzake wameacha nafasi kati yake na wao, upana wa mtu mmoja. Upana wa mtu mwembamba.

Viazi vya Hanuka msitutumie, hana hamu ya kula. Mimi ninayo, lakini naweza kungoja.

Shulim


Lvov, Alhamisi, 9 Desemba 1937

Dada Salka,

Utashangaa kupata barua yangu. Mwandiko wangu ni mbaya, hilo la kwanza, na la pili sijawahi kukuita dada. Nilikuwa nikikuita Sindano.

Jumapili nilikuja Stryj. Nilifika hadi dukani kwenu, nikamwona baba yako dirishani anashona na wewe unamshikia kitambaa. Nilikuwa na maneno yote mdomoni, nimeyapanga tangu kwenye treni. Nikasimama upande wa pili wa barabara mpaka theluji ikanijaa kofiani, kisha nikarudi stesheni. Mimi niliyebeba kabati lenye paka. Kwa hiyo naandika.

Rukhla anakuhitaji. Hatakuambia, ana kiburi, na sasa ana aibu juu ya kiburi. Darasani wameacha nafasi yako wazi. Sijui kama wameiacha kwa makusudi au hawataki tu kuwa karibu naye, sielewi watu waliosoma. Najua tu kwamba ipo. Jumanne alianguka tena, safari hii hakuna aliyempiga teke. Yule profesa mwenye ndevu alishuka akamshika mkono na kumwinua, wakasimama pamoja muda mrefu hakuna anayefundisha, na mzee akawa anayumba mpaka nikaogopa wataanguka wote wawili. Kisha akamwuliza, mbele ya watu: "Yule mwenzako yuko wapi, uliyekuwa unaegemeana naye?" Rukhla akaitazama ile nafasi.

Nami nilikuwa mlangoni na gunia langu la makaa, nikaelewa kitu kimoja ambacho nilikuwa sijakielewa tangu Oktoba. Nilidhani nyinyi ni punda wawili kwenye mvua. Nilidhani mnakosa kitu cha kukalia. Nikamletea mti, nikamwondolea mtu.

Sasa nikuambie lililobaki, kisha umwonyeshe Rukhla barua hii, na mama pia, maana mama anajilaumu na mimi nimemwacha ajilaumu karibu majuma mawili.

Siyo mpwa wa kofia. Siyo mfagiaji. Siyo wewe, na nilijua siyo wewe siku ile nilipobeba sanduku lako, tena nilijua tangu Rukhla alipokutaja.

Ilikuwa kwenye kilabu cha bia nyuma ya soko la samaki, Alhamisi jioni, kabla ya ile Jumatatu ya teke, tumemaliza kazi. Wachukuzi walikuwa wanamsifu Mekhel Mkubwa kwa sababu alibeba piano. Piano, piano, piano, hakuna aliyekumbuka kabati langu. Nikasema piano ni nini, mimi nimekidanganya chuo kizima. Wakanyamaza kunisikiliza. Hujui inavyokuwa, Salka, watu wote wakikunyamazia. Nikawasimulia kigoda, mpini, vitanzi ulivyoshona, yote. Kwenye meza ya nyuma kulikuwa na vijana wawili wageni, kofia zao ziko magotini. Utepe sikuuona kwa sababu sikuangalia. Walicheka kuliko wachukuzi. Mmoja aliniagizia bia, nami nikainywa. Akaniuliza mkanda unafungwaje, hakuweza kuamini. Nikapanda juu ya benchi nikamwonyesha kwa mkanda wangu mwenyewe, hapa, na hapa, na mti unashuka hapa.

Akaniuliza ni msichana yupi, maana yeye huwa anawaona pale ukutani na hajawahi kugundua kitu. Alikuwa ananiangalia kwa heshima. Nikamwambia: yule wa koti la bluu, asiyeyumba.

Shulim